Kinyonga Aliyeumia: Tumsaidie Vipi?

(Mazungumzo na wazazi, walimu na vijana, Ogwedhi)

Tukisimama mbele yenu huwa ni habari za ng'ombe, mbuzi na kuku, kwa hiyo tunaona wengine wanatazamana leo tukitaja kinyonga. Lakini jambo lenyewe liko. Watoto wanawaokota vinyonga njiani, wanawatia kwenye mikebe, na baada ya siku chache wanakufa. Watu wazima nao wakimwona mmoja kwenye ua, jiwe liko tayari mkononi.

Tuanze na hofu. Ng'ongruok, kama Waluo wanavyomwita, hana sumu. Akijifurisha na kupanua mdomo anakutisha tu ili umwache. Hata akikuuma, ni kama kubanwa na kibanio cha nguo. Tangu kwetu mpaka kusini mwa Afrika kuna hadithi ati kinyonga alipewa kazi, akaenda polepole au akaiharibu, ndipo mauti yakaingia duniani. Hadithi ni tamu jioni. Lakini huyu unayempiga asubuhi anakula panzi na nzi kwenye shamba lako.

Jambo la pili ni sheria, na hili tutalipita haraka. Kinyonga ni mnyama wa mwituni. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 haimruhusu mtu kumfuga bila kibali. Kwa hiyo hapa hatufundishi kufuga. Tunazungumza juu ya yule aliyeumia, unamsaidia siku mbili tatu, unamrudisha alikotoka. Akiwa ameumia vibaya, peleka habari kwa afisa wa mifugo au watu wa KWS.

Sasa sikieni habari hii. Mwaka 1972 vinyonga wa aina ya Jackson, wale ambao madume yao yana pembe tatu, walitolewa nyanda za juu za Kenya wakapelekwa Hawaii, kisiwa cha Oahu, wakauzwe kama wanyama wa nyumbani. Walifika wamekonda, wamekauka kwa kiu. Mwenye duka akawafungulia kwenye bustani yake wapate nafuu. Wakapata nafuu kweli, wakatawanyika, na vizazi vyao wako huko mpaka leo. Wenyeji wa huko wanalalamika kwa sababu wanakula konokono na wadudu wa asili wa visiwa vile, na wana haki kulalamika. Lakini angalieni kilichowaponya. Hapakuwa na sindano. Ni majani, maji, na kuachwa peke yao.

Tunasisitiza maji kwa sababu hapo ndipo watoto wetu wanakosea, tena kwa moyo mwema. Wanaweka maji kwenye kifuniko cha soda. Kinyonga hayaoni hayo kama maji. Yeye hunywa matone yaliyo juu ya majani, ya umande au ya mvua. Anaweza kukaa karibu na bakuli lililojaa akafa kwa kiu. Nyunyiza maji safi juu ya majani asubuhi na jioni, au toboa tundu dogo kwenye chupa, uitundike juu ya tawi, idondoke polepole. Mnyama mwenye kiu macho yake yanadidimia ndani. Usimmiminie maji mdomoni kwa nguvu, yataingia kwenye mapafu.

Mkebe nao ni jiko. Ukiwekwa juani unamwoka, ukiwekwa ndani ya nyumba unamnyima jua. Mifupa yake inahitaji mwanga wa jua wenyewe, si ule unaopita kwenye kioo cha dirisha. Akikosa jua na chokaa, miguu inapinda na taya linalegea. Tumia kapu kubwa au sanduku lenye wavu, tia matawi mafupi ili akianguka asianguke mbali, upande mmoja jua la asubuhi, upande mwingine kivuli. Mmoja mmoja. Wawili wakiwekwa pamoja watapigana, au mmoja atakataa kula kwa hofu.

Haya, kidonda. Wengi wanaoumia wamedonolewa na kuku, wameng'atwa na paka, au wamefungwa kamba na watoto. Chemsha maji nusu lita, tia chumvi kijiko kidogo kimoja kisichojaa, yapoe, ndipo uoshe. Ukiwa na ayodini ya dukani, ile ya hudhurungi, ichanganye na maji mpaka ifanane na strungi nyepesi, ugusishe kwa pamba mara moja kwa siku. Basi. Usitie majivu, wala mafuta ya taa, wala Dettol. Na tafadhali, wafugaji, msimpake dawa ya kupe! Ng'ombe ana ngozi nene na kilo mia kadhaa. Huyu ni mwepesi kuliko yai la kuku. Dawa za kutuliza maumivu za watu pia usimpe.

Mguu uliovunjika utaujua kwa sababu haushiki tawi. Usiufunge na vijiti. Mpumzishe kwenye matawi ya chini. Mfupa ukitokeza nje, hiyo ni kazi ya daktari wa mifugo. Mkia uliokatika hauoti tena kama wa mjusi. Mlishe panzi wadogo, lakini si waliotoka shamba lililopigwa dawa ya viwavi, maana sumu iliyomo ndani ya panzi inaingia kwake. Anayefumba macho mchana ni mgonjwa sana. Kumshika ovyo kunamzidishia, kwa hiyo kila mara mshike kidogo, unawe mikono kwa sabuni.

Kabla ya kumwokota, tazama vizuri. Kuna majike wanaotaga mayai, wengine huzaa watoto wazima. Yule wa kutaga hushuka chini akiwa na tumbo kubwa, anatembea kwa shida, anachimba udongo. Watu husema ameumia. Hajaumia, anatafuta pa kutagia. Mwache, zuia kuku tu.

Na anayepona arudishwe pale pale alipookotwa, asubuhi jua likishaanza kuwaka, kwenye kichaka kilicho mbali kidogo na njia na na kuku wa nyumbani. Umweke juu ya tawi, si chini. Ukiona ameanza kupanda na macho yanazunguka kila moja upande wake, ondokeni.