Kichwa cha Mbuzi na Mnyama wa Kawinga

Nimekuja na vitu viwili. Cha kwanza ni hiki, fuvu la mbuzi. Nilikipata kwa muuza supu, nyama ikiwa imeshaliwa, nikakichemsha tena nyumbani mpaka kikatakata. Cha pili ni picha tu, maana fuvu lenyewe liko Ulaya: kichwa cha mnyama aliyeishi kusini mwa nchi yetu zaidi ya miaka milioni 250 iliyopita. Nitadai kwamba vichwa hivi ni vya ukoo mmoja, na kwamba jina alilobandikwa huyu wa pili si lake.

Kwanza nikiri kwamba Dodoma yetu yenyewe haina mifupa ya kale ya kutupatia. Mlima wa Mlimwa na mawe haya yote yanayotuzunguka ni itale ya zamani mno, yenye umri unaopita miaka bilioni mbili, wakati ambapo hapakuwa na kiumbe mwenye mfupa. Chimba kisima hapa sokoni Majengo, mfupa utakaoupata ni wa ng'ombe wa juzi. Yule tembo wa hadithi yetu, aliyedidimia hata mji ukapata jina, angeweza kuwa kisukuku kizuri siku moja, yaani mfupa uliogeuka jiwe. Visukuku vingi huanza hivyo hivyo, kwa kuzama topeni kabla fisi hajafika.

Hata hivyo habari ya mnyama wa picha yangu na wenzake inapita hapa mjini. Enzi za mkoloni, Idara ya Jiolojia ya Tanganyika ilikuwa na makao yake Dodoma, kama ilivyo leo taasisi iliyoirithi. Mtumishi wake mmoja, G. M. Stockley, alitumwa kuchunguza miamba ya bonde la mto Ruhuhu, kule Songea na Ludewa, mto unaomwaga maji yake Ziwa Nyasa. Akakuta mifupa. Mwaka 1932 S. H. Haughton wa Afrika Kusini akaichapisha. Mwaka uliofuata akaja F. R. Parrington kutoka Cambridge, na baada yake Mjerumani Ernst Nowack, ambaye masanduku yake yaliishia Tübingen. Mnaona mkondo wenyewe: mifupa ilitoka, ikaenda, ikabaki huko. Kilichorudi ni majina.

Majina hayo yanachekesha na kusikitisha. Yamo ya sehemu zetu: Njalila imo ndani ya *Tetragonias njalilus*, Katumbi imo ndani ya *Katumbia*, na Kawinga imo ndani ya *Kawingasaurus fossilis*, jina alilolitoa Barry Cox mwaka 1972. Lakini "saurus" ni Kigiriki cha mjusi. Mjusi wa Kawinga! Ndilo jina ninalolipinga.

Shikeni fuvu la mbuzi, lipitisheni kwa wenzenu. Tazameni nyuma ya jicho, kwenye panja: pana nafasi iliyo wazi inayopitisha msuli wa taya. Wekeni kidole panjani mwenu mtafune kidogo, mtausikia ukicheza. Mjusi ameumbwa juu ya ramani ya matundu mawili kila upande. Mnyama wa Kawinga ana moja, kama mababu wa mbuzi na wetu sisi. Tundu hilo moja ndilo alama ya ukoo. Yeye ni wa kundi la disinodonti, maana yake wenye chonge mbili za mbwa, jina lililoanza na Richard Owen wa London mwaka 1845 alipoandika juu ya mafuvu ya Afrika Kusini. Disinodonti si babu wa mbuzi. Ni ndugu ya babu, tuseme baba mkubwa aliyehamia upande wake na kujenga kwa namna yake.

Na alijenga vizuri. Mbuzi hana meno ya mbele juu. Ana ufizi mgumu tu, majani huyabana kwa meno ya chini, kisha huyasaga kwa magego akipeleka taya kulia na kushoto. Disinodonti wengi waliacha karibu meno yote. Mahali pake paliota mdomo wa keratini, kitu kile kile cha kucha na kwato, kama wa kobe. Kiungo cha taya lao kilikuwa kirefu na laini, hivyo taya lilifungwa na kuvutwa nyuma kwa pamoja. Mama anayekata sukuma wiki hakandamizi kisu tu, hukivuta. Ndivyo walivyokula. Chonge mbili zilizobaki hazikuwa za kutafunia. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2021 ulionyesha kwamba baadhi yao walikuwa na pembe za kweli, zisizo na gamba gumu la nje na zisizokoma kukua, kama za tembo, ingawa pembe ya tembo hutokana na jino la mbele, si chonge.

Wengi waliangamia katika ule msiba mkuu wa miaka milioni 252 iliyopita. Waliosalia walizaa upya, na katika miamba ya Manda, kule kule bonde la Ruhuhu, ambayo ni ya baadaye, wamo wakubwa kama ng'ombe.

Huyu wa Kawinga alikuwa mdogo, fuvu lake linatosha kiganjani, pana, pua kama kabari. Alichimba. Wenye mashamba ya karanga mnamjua fuko. Basi fikirieni fuko mwenye mdomo wa kobe. Mwaka 2015 Michael Laaß wa Ujerumani alichapisha uchunguzi wa ndani ya fuvu lake kwa picha za tomografia, akakuta chumba cha sikio la ndani kikubwa ajabu, cha kunasia mitikisiko ya ardhi. Alisikia kwa kichwa chote.

Hapo ndipo mbuzi wangu anaporudi. Ndani ya sikio lake mna vijifupa vitatu: nyundo, fuawe na kikuku. Mnyama wa Kawinga alikuwa na kikuku peke yake sikioni. Nyundo na fuawe vilikuwa bado ni mifupa ya nyuma ya taya, kwenye kiungo kile kile cha kuvuta majani. Katika tawi lililotuzaa sisi na mbuzi, taya lilibaki mfupa mmoja kila upande, na vipande vilivyoachwa vikahamia sikioni.

Jana usiku nilivitafuta kwa sindano ya kushonea chini ya taa. Nyundo na fuawe ninavyo hapa katika kiberiti. Kikuku kilinidondoka, na nadhani kimemezwa na kuku wa jirani.