Kabla ya Kulowa Miguu: Maandalizi ya Siku ya Kung'oa Mimea Vamizi Katika Ardhioevu za Ufipa



Nimeombwa nizungumzie siku ya kujitolea kung'oa mimea vamizi. Naomba mniruhusu nitumie muda mwingi kwa yale yanayoitangulia siku hiyo. Kazi ya namna hii hufaulu au kuharibika kabla mtu wa kwanza hajalowa miguu, na kwetu sisi tunaoishi juu ya uwanda huu, ikiharibika haiharibiki kwetu peke yetu.

Tuangalie mahali tulipo. Ufipa ni mgongo unaogawa maji. Mvua inayonyesha upande wa mashariki hushuka kwenye ukingo wa Bonde la Ufa hadi Ziwa Rukwa, ziwa ambalo halina mto unaotoka. Mvua inayonyesha upande wa magharibi na kusini hufuata mito kama Kalambo, ambao unadondoka zaidi ya mita 200 kwenye maporomoko ya mpakani na Zambia, ukaingia Ziwa Tanganyika. Kutoka huko maji hupita mto Lukuga, yakaungana na ya mto Kongo mpaka Bahari ya Atlantiki. Kwa hiyo mtu akikata gugu hapa juu na kuliacha kwenye mtaro, mvua ya Desemba ndiyo itakayoamua liende ziwa gani.

Ndugu zetu wa Kanda ya Ziwa wanalijua jambo hili kwa uchungu. Gugu maji, ambalo asili yake ni Amazoni huko Amerika Kusini, liliingia Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980. Mto Kagera umekuwa ukilishusha kutoka milimani mwaka hadi mwaka. Watu wa Mwanza, Mara na Kagera walilitoa kwa mikono, mitumbwi ikakwama, vijiji vikakosa pa kuchota maji. Nafuu kubwa ilikuja baada ya kuachiwa wadudu wadogo wa jamii ya Neochetina, ambao chakula chao ni gugu hilo. Hapa Tanzania wadudu hao walizalishwa kwa wingi Kibaha na kusambazwa kwenye mialo ya ziwa katika nusu ya pili ya miaka ya 1990. Miaka hii ya karibuni gugu jingine, salvinia, limetanda kwenye baadhi ya ghuba za upande wa Mwanza. Ninaitaja habari hii kwa sababu moja: wao wanapokea kinachotoka juu. Sisi ndio tulio juu.

Sasa niingie kwenye kazi yenyewe, na nianze na hatua ambayo mara nyingi hurukwa: kuujua mmea. Mtu aliyekuja na moyo wa kujitolea, amevaa mabuti, ameshika panga, anataka kufanya kazi. Asipoelekezwa atafyeka kila kilicho kijani. Atang'oa mafunjo, matete na yungiyungi, mimea ambayo ni ya hapa hapa, inayoshika tope lisichukuliwe na maji, inayochuja maji yanayotoka mashambani na kuwapa ndege mahali pa kutagia. Ardhi ikishaachwa wazi, mmea wa kwanza kuota hapo ni uleule tuliokuja kuung'oa, maana mimea vamizi hupenda udongo uliochokorwa. Siku moja ya bidii isiyo na elimu inaweza kulipa gugu shamba jipya.

Kwa hiyo wiki kadhaa kabla, watu wachache watembee ukingo wote wa bwawa au kijito. Awepo mzee aliyekulia hapo, mchungaji wa ng'ombe, mvuvi kama wapo, mama mwenye bustani ya mboga, na mwalimu wa baiolojia. Wazee waulizwe swali rahisi: mmea huu mliuona mkiwa watoto? Jibu lao si hukumu ya mwisho, lakini linapunguza sana mashaka. Mmea usiojulikana upigwe picha ukiwa na ua, majani na mzizi, kisha tawi lake libanwe kati ya magazeti hadi likauke. Hazina ya Taifa ya mimea iliyokaushwa ipo Arusha, chini ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, na wataalamu wapo pia Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine kule Morogoro. Hadi jibu lije, mmea huo usiguswe.

Ipo mimea ambayo ningependa kila mshiriki wa semina hii aweze kuitambua akiwa hatua tano mbali, hata kama kwenye bwawa la kijiji chake hajawahi kuiona. Gugu maji lina shina la jani lililovimba na ua la zambarau linalopendeza. Uzuri huo ndio uliowafanya watu walibebe kutoka bara hadi bara na kulipanda kwenye mabwawa ya mapambo. Mbegu yake hukaa kwenye tope hadi miaka 20 ikiwa hai. Salvinia haina ua wala mbegu. Majani yake madogo yana vinyweleo vinavyoyazuia yasilowe maji, na kila kipande kinachokatika huwa mmea mpya. Mmea huu hautakiwi kukatwakatwa hata kidogo. Lantana, yenye maua ya rangi mbili tatu kwenye kichwa kimoja, huota ukingoni na kwenye malisho. Ndege hula matunda yake na kuzipeleka mbegu mbali, na ng'ombe akiila ini lake huharibika. Ikikatwa juu huchipua upya, hivyo lazima kisiki kitoke. Gugu karoti, lililoonekana Arusha mwaka 2010, huwasha ngozi na kuleta pumu, na mbegu zake husafiri kwenye matairi ya magari na nafaka za kupanda. Na mji wetu wa Sumbawanga ni mji wa malori ya mahindi. Hilo litoshe kutuamsha.

Mmoja wa mimea hii unanitia hofu zaidi kwa ajili ya nchi ya chini, kando ya Ziwa Rukwa. Ni mimosa pigra, kichaka chenye miiba ambacho majani yake hujikunja yakiguswa, kama ya kifauongo tulichokichezea utotoni, ila chenyewe humpita mtu kimo. Hupenda mbuga zinazofurika na kukauka, na Ziwa Rukwa hupanda na kushuka kuliko maziwa mengi tunayoyajua. Majirani zetu wa Zambia walikiona kikianza kama pori la hekta chache tu kwenye mbuga za Kafue, miaka ya 1980. Kufikia katikati ya miaka ya 2000 kilikuwa kimefunika zaidi ya hekta 2,500, na swala wa majini aina ya lechwe wakakosa malisho. Wanavijiji wameajiriwa kukikata na kuking'oa kwa mikono, kisha kurudi tena na tena kung'oa miche. Wangekiwahi kikiwa bado kwenye hekta zile za mwanzo, siku chache za kujitolea zingetosha.

Upo pia mti ambao tatizo lake halitatuliwi kwa siku ya kujitolea, nao ni mkaratusi uliopandwa kwenye chemchemi. Najua wengi hapa wanautaka uondoke, na wana haki. Lakini mkaratusi una mwenyewe. Aliupanda apate nguzo, kuni na karo ya mtoto, wakati mwingine kwa ushauri wa serikali yenyewe. Tukienda na mashoka tutapata kesi na uhasama. Suala hilo lizungumzwe kwenye mkutano wa kijiji, mwenyewe avune mti wake, apewe miche ya kupanda mbali na maji. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na maziwa, na ni msingi mzuri wa mazungumzo. Bado ni mazungumzo yanayouondoa mti, na huchukua miezi.

Kuhusu ruhusa, nitasema machache. Serikali ya kijiji ijue. Bodi ya Maji ya bonde husika iarifiwe: ya Ziwa Rukwa kwa upande mmoja wa mgongo wetu, ya Ziwa Tanganyika kwa upande mwingine. Wenye bustani za kiangazi waonwe nyumbani kwao, wasikute tu umati kando ya matuta yao. Na kama bwawa au kichaka kina heshima yake ya kimila, wazee wa mila wafuatwe kwanza, wao waseme wapi tuingie na wapi tusiingie.

Tarehe ni jambo linaloleta ubishi. Siku ya Ardhioevu Duniani ni tarehe 2 Februari, kumbukumbu ya mkataba uliotiwa saini Ramsar, Iran, mwaka 1971. Siku ya Mazingira Duniani ni tarehe 5 Juni. Viongozi hupenda tarehe hizo kwa sababu wageni hupatikana na mabango huwa tayari. Lakini mvua zetu huanza Novemba na kwisha Aprili. Februari maji yamejaa, ukingo unateleza, ndege wengi wako kwenye viota, na chochote kitakachotudondoka kitasombwa papo hapo. Juni maji yametulia lakini mimea mingi imekwishamwaga mbegu. Maoni yangu ni kwamba kwa vichaka na majani ya ukingoni tufanye mara mvua zinapokatika, udongo ukiwa bado laini na mzizi unatoka mzima, kabla mbegu hazijakomaa. Kwa mimea inayoelea tungoje maji yapungue zaidi, isogee pamoja na iwe rahisi kuizungushia kamba. Tarehe 2 Februari itumike kwa mafunzo na kutembelea eneo. Kalenda ya mmea iheshimiwe kuliko kalenda ya sherehe.

Na tukishang'oa, tunaweka wapi? Hapa Mfipa ana elimu ambayo wengine wanaitafuta vyuoni. Wakulima wa uwanda huu kwa vizazi vingi wamefukia nyasi kwenye matuta ya mviringo, intumba, wakati ardhi ikiwa na unyevu. Wamepanda maharage juu yake, kisha msimu unaofuata wameyabomoa matuta na kusambaza udongo uliorutubika kwa ajili ya ulezi. Watafiti wa kilimo wameusifu ujuzi huo. Majani ya mmea vamizi ambao haujatoa maua yanaweza kuingia kwenye tuta la namna hiyo, mbali na maji, juu ya usawa wa mafuriko. Yenye mbegu yasiingie kamwe. Hayo yakaushwe juu ya turubai na kuchomwa mahali palipofyekwa pande zote, mtu akilinda moto, maana kiangazi cha Ufipa kina upepo. Salvinia na gugu maji vibebwe kwenye viroba visivyotoboka, vikaanikwe mbali na mtaro wowote. Kabla ya kuondoka, mabuti, majembe, nyavu na mitumbwi vikaguliwe, vioshwe palepale, na vikauke. Ningeweka watu wawili waliopewa kazi hiyo tu, na wawe na mamlaka ya kumzuia hata mgeni rasmi asipande gari na tope miguuni.

Usalama wa watu haujadiliwi. Maji yaliyotuama yana konokono, na konokono wana kichocho, kwa hiyo anayeingia majini awe na mabuti marefu ya mpira, na watoto wa shule wafanye kazi za nchi kavu: kuhesabu viroba, kupiga picha, kuandika. Kando ya Ziwa Rukwa kuna mamba na viboko, na huko hakuna kuingia majini kwa kujitolea. Kazi ya ukingoni ifanywe pamoja na askari wa wanyamapori. Mhudumu wa afya awepo na glovu zitoshe, hasa kwa lantana na gugu karoti. Juni na Julai baridi yetu hukata mifupa asubuhi, basi kazi ianze jua likishachomoza vizuri, na uji wa moto uwe tayari. Wapishi wahesabiwe kuwa wafanyakazi wa siku hiyo, watajwe na kushukuriwa pamoja na wengine.

Kuhusu idadi ya watu, najua nitawaudhi baadhi. Umati wa mia mbili unapendeza kwenye picha, lakini ukingo wa bwawa dogo hauwezi kuwabeba. Watakanyaga miche ya mafunjo na kugeuza tope lote. Ni afadhali vikundi vidogo, kila kimoja na kiongozi aliyefundishwa na kipande chake kilichowekewa vigingi, vikipokezana kwa siku tofauti.

Mbegu zinazokaa topeni miaka mingi zinadai turudi. Kila fedha itakayochangwa, naomba nusu ibaki kwa safari za kurudi: baada ya mwezi mmoja, mwanzoni mwa mvua, na mvua zikikatika mwaka unaofuata. Liwepo daftari moja kwenye ofisi ya kijiji, lenye ramani ya mkono, picha zilizopigwa kutoka kigingi kilekile, na majina ya waliokwenda. Kabla hatujatawanyika leo, naliomba kila kundi la kijiji lililopo hapa lichague mtu wa kulitunza daftari hilo, na limkabidhi mwenyekiti wa semina jina lake pamoja na tarehe ya matembezi ya kwanza ya ukaguzi.