KUKAA CHINI YA KANUNI ZA MAJIRANI

Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama, Nyabibuye



Nimeombwa na Kamati niseme habari ya kukaa katika nyumba yako mwenyewe chini ya amri ya majirani zako. Habari hii si ngeni kwenu. Miezi hii iliyopita manung'uniko mengi yamesikika katika maofisi yetu. Mmoja atozwa faini kwa kuwa mbuzi wake wameingia shamba la mtu. Wa pili aambiwa kwamba ua wake umekula njia. Wa tatu adaiwa mchango wa darasa ambao hakuwapo ulipoamuliwa. Na jibu la wengi wetu ni lile moja: "Mimi ni mtumishi wa Serikali, si mtu wa kijiji hiki." Jibu hilo laonekana zuri likisemwa barazani, lakini nakusudia kuonyesha ya kwamba halina msingi katika sheria, tena lamdhuru msemaji kuliko limdhuruvyo mwenyekiti wa kijiji.

Kwanza yafaa tukumbuke jinsi watu wa Buha walivyofikia kuwa na kanuni za namna hii. Zamani Muha alijenga peke yake. Kila mji wa mtu ulikuwa katikati ya migomba yake, na jirani alikuwa ng'ambo ya bonde. Si kwamba hapakuwa na utaratibu: walikuwapo bateko, wazee wa ardhi, na walikuwapo batware wa Mwami, lakini hapakuwa na mtu wa kumwambia mwenzake mlango wake uelekee wapi. Kuanzia mwaka 1933 Serikali ya Waingereza, kwa sababu ya ugonjwa wa malale, ikaanza kuwatoa watu katika misitu yenye mbung'o na kuwakusanya mahali pamoja. Kisha, katika miaka ya 1972 hata 1975, wakati wa kuhamia vijijini, watu wengi wakahamishwa tena. Nyumba zikapangwa kwa mistari kando ya barabara, na mashamba yakabaki mbali. Kwa hiyo kukaa karibu karibu, pamoja na amri zinazoandamana nako, hakukuletwa hapa kwa hiari ya wakaaji. Mzee wa miaka themanini leo akisikia neno "kanuni" hukumbuka lori. Msishangae basi kwamba hata wenyeji wenyewe hawazipendi sana, na kwamba aghalabu huenda mkutanoni kama mtu aendaye shaurini.

Lakini sheria ya sasa ni nyingine. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Namba 7 ya mwaka 1982 yasema ya kwamba Mkutano Mkuu wa Kijiji ni watu wote wakaao kijijini kwa kawaida, waliotimiza umri wa miaka 18. Haisemi waliozaliwa kijijini, wala wenye migomba, wala waliozika hapo. Mwalimu, mganga wa zahanati, bwana shamba, karani wa kata: kama wakaa hapa, wamo. Halmashauri ya Kijiji, ambayo wajumbe wake hawapungui 15 wala hawazidi 25, yaweza kutunga sheria ndogo juu ya mifugo, usafi, njia na michango. Lakini sharti kwanza iwaite wakazi na kusikia maneno yao, kisha izipeleke kwa Halmashauri ya Wilaya zipate kibali. (Wilaya yetu ni Kakonko, iliyokatwa kutoka Kibondo mwaka 2012. Nalisema hili kwa kuwa bado naona barua zikipelekwa Kibondo, na wenye barua wakilalamika kwamba hawajibiwi.)

Basi sheria ndogo isiyopita katika milango hiyo miwili ni maneno ya watu wachache tu, na faini iliyotozwa kwayo yaweza kupingwa. Lakini ni nani atakayeipinga, kama hapana hata mmoja wetu aliyekuwapo siku ile?

Nisidhaniwe kuwa mambo haya ni ya vijiji peke yake. Dar es Salaam, kwa Sheria ya Umiliki wa Sehemu ya Jengo ya mwaka 2008, mtu aweza kuwa na hati ya nyumba moja iliyo katikati ya ghorofa kumi. Ngazi, paa, mabomba na uwanja ni mali ya wote, na wenye nyumba wote ni wanachama wa chama kimoja, wapende wasipende, maadamu wamiliki humo. Hapo ndipo uzukapo ugomvi wa lifti: akaaye chini huuliza kwa nini achangie chombo asichokipanda. Na huko Marekani watu zaidi ya milioni 70 wakaa chini ya vyama vya wenye nyumba. Chama huweza kuamua rangi ya mlango, urefu wa majani, na kama nguo zaweza kuanikwa nje. Na katika majimbo mengi asiyelipa ada aweza kuuziwa nyumba. Katika Texas askari mmoja alikuwa ng'ambo, Irak, na huku nyuma ada ya chama, yapata dola 800, haikulipwa. Barua za madai zilifika nyumbani, zikakaa bila kufunguliwa. Mwaka 2008 nyumba yake, yenye thamani ya dola 300,000, ikauzwa mnadani kwa dola 3,500. Ilibidi apigane mahakamani ndipo akarudishiwa. Sisi ambao kazi yetu ni barua tuiangalie sana habari hiyo, maana mtu huyo hakuonewa na Serikali wala na adui. Aliuziwa na majirani, kwa kanuni alizozikubali siku aliyonunua.

Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya nikubali kusema leo, nalo ni viwanja. Twajua sote jinsi vinavyonunuliwa. Mtumishi amehamishiwa hapa. Baada ya miaka mitatu apapenda, kwa kuwa ndizi ni nyingi na baridi yake ni ya kiasi. Aenda kwa mwenye shamba, wapatana bei, karatasi yaandikwa mbele ya mwenyekiti wa kitongoji na mashahidi wawili, muhuri wapigwa, fedha zahesabiwa, na mnunuzi arudi nyumbani na bahasha yake kama mtu aliyepata hati. Hakupata hati. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya mwaka 1999 yaiweka ardhi ya kijiji mikononi mwa Halmashauri ya Kijiji kama mdhamini ashikaye mali ya wengine. Nayo yaikataza Halmashauri kugawa ardhi wala kutoa hakimiliki ya kimila kabla Mkutano Mkuu haujakubali. Na hata yule aliye na haki yake tayari, akitaka kumhamishia mwingine, sharti Halmashauri ijulishwe na ikubali. Mwenyekiti wa kitongoji peke yake si Halmashauri, na muhuri wake si mkutano.

Namjua mwenzetu mmoja, sitamtaja jina wala kijiji, aliyejenga nyumba ya matofali ya kuchoma, ya bati, katika kiwanja cha namna hiyo. Mwenyekiti akafariki. Watoto wa muuzaji wakarudi kutoka mjini, wakasema baba yao hakuuza, alimkaribisha tu mgeni. Muhtasari ukatafutwa katika majalada ya kijiji, usionekane, kwa sababu haukuandikwa. Katika mashahidi wawili mmoja alikuwa amehamia Geita, na wa pili akaeleza ya kwamba siku ile yeye aliitwa kushuhudia mambo ya ng'ombe. Mwenzetu akalipa mara ya pili, akashukuru kwamba si mara ya tatu. Kama angaliomba jambo lake liingizwe katika ajenda, akakaa juani saa tatu akisikiliza mashauri ya mbuzi, jina lake lingaliandikwa katika kitabu, na kitabu hakihamii Geita.

Wako watakaosema: Baraza la Ardhi la Kijiji lipo. Lipo, nalo lina wajumbe saba, na watatu kati yao hawana budi kuwa wanawake. Lakini kazi yake ni kusuluhisha, na msuluhishi huuliza karatasi kama aulizavyo mtu mwingine yeyote.

Upande wa pili wa jambo hili nao yapasa usemwe. Kanuni za majirani zaweza kuwa ua wa kumfungia nje mtu asiyetakiwa. Huko St. Louis, Marekani, mwaka 1911 wenye nyumba za mtaa mmoja waliandikiana mkataba kwamba mtu mweusi asikae humo kwa miaka 50. Familia moja ya watu weusi ikanunua nyumba humo mwaka 1945, majirani wakaishtaki, na mwaka 1948 Mahakama Kuu ya nchi ikaamua ya kwamba mahakama haiwezi kutumiwa kuutimiza mkataba wa namna hiyo. Nasi katika Tanganyika tuliyaona: Dar es Salaam ya Waingereza iligawanywa katika sehemu tatu kwa kanuni za ujenzi, na kanuni hizo zilisema habari ya kuta na paa, lakini watu walijua maana yake ni Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Watumishi Waafrika waliounda chama chao cha kwanza huko Tanga mwaka 1922 hawakuhitaji kufafanuliwa mambo hayo.

Hapa Nyabibuye rangi zetu ni moja, lakini tu karibu na mpaka. Kiha na Kirundi ni ndugu, na watu wamevuka mpaka huu kwa ndoa, kwa biashara na kwa vita tangu zamani. Katika operesheni ya mwaka 2013 waliondolewa pia watu waliokuwa wamekaa katika mikoa hii miaka mingi. Sisemi kwamba sheria ya uhamiaji isifuatwe. Wengi wenu ni watumishi wake. Nasema kwamba neno "si mwenzetu" huanza katika kikao cha kitongoji, aghalabu juu ya mtu ambaye shamba lake ni zuri na ambaye hana msemaji. Mtumishi ajuaye kusoma sheria akiwapo kikaoni aweza kuuliza swali moja tu, "Ushahidi ni upi?", na swali hilo likaandikwa katika muhtasari. Asipokuwapo, huandikwa "wajumbe wote walikubali".

Habari ya fedha nitaipita upesi, maana makarani mwaijua kuliko mimi. Ulipapo mchango, dai stakabadhi. Na hesabu za kijiji zisomwe mbele ya mkutano. Asiyehudhuria asitegemee kusomewa nyumbani.

Mkutano Mkuu wa kawaida hufanywa kila miezi mitatu, na Mtendaji wa Kijiji ndiye mwandishi wake. Nimetengeneza namna ya barua ya kumwomba aingize jambo la kiwanja katika ajenda. Ni fupi, ya ukurasa mmoja, yenye nafasi ya mipaka minne na majina ya majirani wa kila upande. Nakala ziko kwa Katibu. Mwenye kiwanja kisicho na muhtasari na anione baada ya chai, aje na bahasha yake.

Bwana Mwenyekiti, nimekwisha. Maswali nitayapokea sasa.