Mazombi Chuoni: Sifa Zimwendee Mwandaaji

Msikilizaji, mwaka 2005, katika Chuo cha Goucher, jimbo la Maryland huko Marekani, wanafunzi wawili, Brad Sappington na Chris Weed, walibuni mchezo wakauita Humans vs. Zombies, Binadamu dhidi ya Mazombi. Ni kukimbizana kule kule kwa watoto: nikikugusa, nawe unakuwa mkimbizaji. Tofauti ni kwamba uwanja ni chuo kizima, na mchezo unaendelea usiku na mchana kwa siku kadhaa, huku wachezaji wakihudhuria mihadhara kama kawaida. Vyuo vingine vingi viliupokea, ndani ya Marekani na nje yake.

Sheria zake ni chache. Binadamu anafunga kitambaa mkononi, zombi anakifunga kichwani. Zombi wa kwanza anateuliwa kwa siri. Akikugusa, unamkabidhi namba yako ya mchezo na kuhamia upande wake. Binadamu anajikinga kwa kurusha soksi iliyokunjwa, au kwa bunduki ya plastiki yenye vishale vya sponji. Zombi akipigwa, anakaa pembeni dakika 15. Na zombi asiyemgusa mtu kwa saa 48 anahesabiwa amekufa kwa njaa.

Hizo saa 48 ndizo zinazonifanya niwavulie kofia walioubuni. Ziondoe, uone kitakachotokea. Zombi atajibanza nyuma ya bweni asubiri mpaka achoke. Binadamu naye atajifungia chumbani wiki nzima, halafu atoke akidai ameshinda. Njaa ndiyo inayomtoa zombi mafichoni. Binadamu anatolewa na mwandaaji, yaani msimamizi wa mchezo, anayetangaza kazi ya usiku: msindikizeni fulani mpaka upande wa pili wa chuo, au tafuteni kitu kilichofichwa kabla ya saa fulani. Hapo kila mtu analazimika kutoka nje, na hapo ndipo mchezo ulipo.

Kuna pia hesabu. Zombi mmoja akimgusa mtu mmoja, wanakuwa wawili, kisha wanne, kisha wanane. Kwa mwendo huo, mizunguko tisa tu inatosha kuwamaliza wachezaji 500. Mwandaaji anayeanza na mazombi kumi kwa sababu ya shauku anaweza kuwa amezika wiki yake yote katika usiku wa kwanza. Inambidi apime, afuatilie idadi kila jioni, abadilishe kazi ya kesho kulingana na waliobaki. Na wakati wenzake wanakimbia, yeye anasuluhisha ugomvi wa “nilikugusa” na “hukunigusa”. Ni kazi ya akili, nayo haina malipo. Anayeiita utoto hajawahi kuisimamia.

Lakini kipimo kikubwa zaidi cha mwandaaji, kwangu mimi, ni yule asiyecheza. Kanuni za mchezo huu zinamlinda: haguswi, hafanywi ngao, hasumbuliwi. Madarasa, maktaba, bwalo la chakula, vyoo na zahanati ni maeneo ya amani. Silaha za kuchezea zisifanane na za kweli, wala zisionekane ndani ya majengo ya masomo. Mnamo Aprili 16, 2007, watu 32 waliuawa kwa risasi katika Chuo cha Virginia Tech. Baada ya siku ile, mwanafunzi wa Marekani akiona mtu anakimbia na kitu chenye umbo la bunduki, ana kila haki ya kuogopa. Baadhi ya vyuo vilipiga marufuku bunduki za plastiki, vikaruhusu soksi peke yake. Vilifanya vyema. Raha ya mchezo huu iko katika kuvizia, kupanga njia na wenzako, na kumtegemea mtu ambaye jana hukujua hata jina lake. Soksi haikupunguzii lolote kati ya hayo.

Kwa hiyo, viongozi wa wanafunzi mnaonisikiliza, kama mnatamani kuuleta mchezo huu vyuoni kwetu, chukueni soksi na muachane na bunduki. Chagueni wasimamizi walio tayari kutocheza. Barabara inayopitiwa na magari na kona zisizo na taa ziondoeni kwenye uwanja. Kabla ya kubandika tangazo lolote, nendeni kwa mkuu wa usalama, kisha mzungumze na walinzi wa zamu ya usiku, wapishi na wafanya usafi, wajue nani anakimbia, wapi na kwa nini. Mlinzi akiona kundi la vijana likitimua mbio saa nne usiku na hana habari, atafanya kile alichofundishwa kufanya.

Nanyi wakuu wa vyuo, barua ya ombi ikiwafikia mezani, waiteni vijana hao waeleze mpango wao kabla hamjaandika neno “hapana”.