Mashine za Gemu Vijijini: Ni Faida au ni Mtaji Unaoliwa?



Mtumishi anayetafuta njia ya kuongeza kipato chake siku hizi haishii tena kwenye kufuga kuku au kufungua duka la rejareja. Wapo wanaokusudia kukopa kwa dhamana ya mshahara, wanunue televisheni, mashine za gemu na jenereta, kisha wamkabidhi kijana wa nyumbani avizungushe vifaa hivyo minadani na kwenye sherehe. Kwa mtumishi aliyepangiwa kazi Sibwesa, katika Wilaya ya Tanganyika mkoani Katavi, wazo hilo laweza kuonekana jema: watoto na vijana ni wengi, na mahali pa burudani ni pachache. Swali ni moja tu: je, biashara hiyo ina faida?

Maonyesho ya kuhamahama si jambo geni katika nchi hii. Kati ya mwaka 1935 na 1937, kituo kilichokuwa Vugiri, katika milima ya Usambara, kilitengeneza filamu za mafunzo na kuzitembeza kwa lori katika Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Watazamaji hawakukosekana. Lakini fedha za kuendeshea kazi hiyo zilitoka katika shirika la Carnegie la Marekani. Fedha hizo zilipofikia ukomo, na serikali za kikoloni zikakataa kuubeba mzigo, kazi ilisimama. Fundisho lake lingali hai: umati si faida.

Na ichukuliwe mfano wa hesabu ya siku moja ya mnada. Mwenye biashara ana televisheni mbili, mashine mbili na jenereta ndogo, vyote kwa mtaji wa shilingi 1,200,000. Mechi moja huchukua dakika 12, na kila mmoja wa wachezaji wawili hulipa shilingi 300. Kwa muda wa saa sita, pasipo kiti kukaa kitupu hata mara moja, zitachezwa mechi 60 na kuingiza shilingi 36,000.

Matumizi nayo yahesabiwe. Petroli lita nne kwa shilingi 3,500 kila lita ni 14,000. Usafiri wa kwenda na kurudi ni 10,000, ushuru 1,000, na posho ya kijana 5,000. Jumla ni shilingi 30,000. Jioni, kijana atamletea mwenye mali shilingi 6,000, na nyumba nzima itafurahi kwamba faida imepatikana.

Je, ni faida kweli? La hasha! Vumbi, joto, umeme wa kupandashuka na mikono ya watoto havina huruma kwa mashine. Ikiwa vifaa hivyo vitachakaa baada ya siku 200 za kazi, basi kila siku moja hula shilingi 6,000 za mtaji. Kile kilichoitwa faida ni mashine yenyewe inayoliwa kidogo kidogo. Na ikiwa viti vitajaa kwa nusu tu, mapato yatakuwa 18,000, na mwenye mali atapoteza shilingi 12,000 hata kabla ya kuuhesabu uchakavu. Wahenga hawakukosea waliposema kuwa mali bila daftari huisha bila habari.

Yuko atakayesema kwamba dawa ni umeme wa jua. Ni kweli kwamba petroli itaokolewa. Lakini paneli na betri nazo hununuliwa, na betri huchoka. Zikiongeza mtaji kwa shilingi 600,000, uchakavu wa siku utapanda kufikia 9,000. Viti vikijaa, zitabaki shilingi 11,000. Vikijaa nusu, hasara itakuwa 7,000.

Isisahauliwe pia kwamba fedha ya mkulima ina majira yake. Katika Katavi, fedha huonekana baada ya mavuno, wakati wa kiangazi. Mvua zikianza, barabara huharibika, wakulima huingia mashambani, na mashine hukaa chini ya turubai. Lakini makato ya mkopo hayajui masika wala kiangazi. Hukatwa kila mwezi.

Huko Marekani zipo biashara za gari lililojaa televisheni na mashine za gemu, linalopelekwa hadi nyumbani penye sherehe ya mtoto. Nguvu ya biashara hiyo haimo katika gari, bali katika mapatano: mzazi mmoja hukodi kwa saa na kulipia gharama yote, hata kama watoto waliofika ni watano tu. Hapo ndipo penye somo. Mwenye vifaa anayealikwa kwenye kipaimara, harusi au sikukuu na apatane bei kabla ya kuwasha jenereta. Kwa mfano uliotolewa, bei iliyo chini ya shilingi 36,000 ni hasara. Ikiwa 50,000, zitabaki 14,000.

Liko jambo zito zaidi kuliko hesabu. Mteja mkubwa wa gemu ni mwanafunzi, na mnada haungoji siku ya mapumziko. Mwalimu anayemtafuta mtoro asubuhi asije akamkuta jioni ndani ya daftari lake la mapato. Aidha, mtindo wa anayefungwa kulipia wote, au wachezaji kuwekeana dau, huusogeza mchezo karibu na kamari, na sheria ya michezo ya kubahatisha inakataza kamari kwa aliye chini ya miaka 18. Mtoto anayekuja na shilingi 300 aulizwe alikozipata, na saa za masomo mashine zizimwe kwa wanafunzi.

Kwa hiyo basi, jibu ni hili. Kwa sarafu za watoto mnadani, na kwa mtaji wa mkopo, biashara hiyo haina faida. Inabadilisha mshahara wa kesho kuwa kelele za leo. Kwa akiba ya mtu mwenyewe, kwa mapatano ya sherehe wakati wa kiangazi, na kwa daftari linaloandika hata uchakavu, inaweza kuleta faida ndogo iliyo halali. Kabla ya kutia saini fomu ya mkopo, mtumishi na afanye hesabu ya siku moja tu, tena siku ya mvua.