Yai la chura na amri zake

Wiki hii mniwie radhi: sitazungumzia bei ya sukari wala mashimo ya barabarani. Nitazungumzia yai la chura. Wapo watakaosema, chura na maisha yetu wapi na wapi? Subirini kidogo.

Yai hilo ni tone la upana wa milimita moja na ushei, jeusi juu, jeupe chini. Likisharutubishwa hugawanyika likawa seli mbili, nne, nane, na kabla ya siku moja kwisha ni maelfu ya seli. Wakati huo kazi ya kugawana vyeo inaendelea: hizi zitakuwa ubongo, zile misuli, wengine tumbo. Hakuna msimamizi anayeonekana. Nani anatoa amri?

Jibu la kwanza lilitoka mji wa Freiburg, Ujerumani. Mwaka 1924 Profesa Hans Spemann na mwanafunzi wake Hilde Mangold walitangaza kwamba walichukua kipande kidogo cha kiinitete cha salamanda, mnyama wa ukoo wa jamii moja na chura, wakakipandikiza upande wa tumbo wa kiinitete kingine. Kikaota mwili wa pili, mapacha walioungana matumboni! Salamanda wale walikuwa wa aina mbili, mmoja rangi yake imepauka, mwingine ya giza, kwa hiyo ilionekana wazi kwamba sehemu kubwa ya mwili ule mpya ilitokana na seli za mwenyeji, si za mgeni. Kipande kile kilikuwa kimetoa amri, na wenyeji wakatii. Wakakiita mratibu.

Mikono iliyofanya upasuaji ule ilikuwa ya Hilde. Alifariki Septemba 1924 kwa kuungua moto, akiwa na miaka 25. Jina la Spemann ndilo lililotangulia katika andiko, na mwaka 1935 akapewa tuzo ya Nobel peke yake. Tuzo haitolewi kwa marehemu, hilo sigombani nalo. Lakini jina la mkubwa kutangulia kazi ya mdogo, sisi wa vyumba vya habari tunalijua sana.

Ikaanza mbio ya kutafuta dawa iliyomo ndani ya mratibu. Ikakwama karibu nusu karne. Hata mratibu aliyeuawa aliendelea kufanya kazi, na kemikali za kila namna zilifanya kazi pia. Ngozi ya kiinitete cha salamanda ilikuwa nyepesi mno kushtuka.

Mlango ulifunguliwa na Mwafrika, chura mwenye kucha wa kusini mwa bara letu, Xenopus laevis. Tangu miaka ya 1930 alitumika kupima mimba: mkojo wa mwanamke ulidungwa kwa chura jike, na mwanamke akiwa mjamzito, chura alitaga baada ya saa chache. Hivyo maabara za Ulaya na Marekani zikajaa vyura wanaotaga wakati wowote wa mwaka.

Mwaka 1987 nchini Uingereza, Jonathan Slack na Jim Smith, kila mmoja kwa upande wake, walichukua seli za juu za kiinitete cha chura huyo, ambazo zikiachwa peke yake huwa ngozi tu. Wakazilowesha katika vichocheo vya ukuaji. Zikageuka misuli! Slack alitumia kichocheo kiitwacho FGF. Cha Smith kikaja kutambulika kuwa aktivini. Ikaonekana pia kwamba kipimo ndicho kinachosema: aktivini kidogo huleta kitu kimoja, ikizidi huleta kingine, kama pilipili katika mchuzi.

Na mratibu je? Mwaka 1992 kule California, William Smith na Richard Harland walipata protini ya nogini. Ikizidishwa, kiluwiluwi hutoka na kichwa kikubwa ajabu. Mwaka 1994 kundi la Edward De Robertis likapata kodini. Ilipofika 1996 ikajulikana zinavyofanya kazi, nami nilisoma mara mbili nikiamini nimekosea mstari: hazimwamrishi mtu. Zinazikamata protini nyingine, BMP, zinazoziamuru seli ziwe ngozi na tumbo. Seli isiposikia amri hiyo, huelekea kuwa ubongo. Mratibu, kumbe, kazi yake kubwa ni kunyamazisha.

Protini hizo tunazo sisi pia. Uko ugonjwa adimu sana, kwa kifupi FOP, ambao misuli hugeuka mfupa polepole hadi mtu hawezi kuinua mkono wala kufungua kinywa. Mwaka 2006 chanzo kilipatikana: hitilafu katika jeni la kipokezi cha BMP. Mwaka 2015 ikaonekana kwamba kipokezi hicho kibovu huitii hata aktivini, ile ile ya chura, na dawa ya kuikamata imekuwa ikijaribiwa kwa wagonjwa.

Mtoto mwenye ugonjwa huo kwa kawaida huzaliwa na vidole gumba vya miguu vifupi, vilivyopinda. Baadaye uvimbe hutokea mgongoni au shingoni, ukadhaniwa ni saratani. Kuukata kwa uchunguzi, au kumchoma sindano ya msuli, huleta mfupa mwingine pale pale. Mkunga au daktari anayenisikiliza, tazama vidole kwanza.