Watoto wa Ruashi na Tiba ya Mazungumzo: Je, Tungoje Madaktari Bingwa?

Hoja yangu ni moja: tiba ya mazungumzo kwa mtoto aliyeumizwa moyo ni sehemu ya malezi na ya masomo yake, na hapa Ruashi, mjini Lubumbashi, Kongo, inaweza kuanza kutolewa na majirani waliofunzwa, kabla hatujapata madaktari bingwa wa akili. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba karibu theluthi moja ya matatizo ya akili huanza kabla ya umri wa miaka 14, na mengi hayatambuliwi. Kwetu sababu hazikosekani. Katika ukanda wetu wa shaba kuna watoto wanaookota na kuosha mawe ya madini saa ambazo wenzao wako darasani. Kuna wengine waliosukumwa barabarani baada ya kuitwa walozi na watu wa nyumbani mwao, ingawa sheria ya tarehe 10 Januari 2009 ya ulinzi wa mtoto inamwadhibu anayemtuhumu mtoto ulozi. Sheria humshughulikia mtuhumu. Hofu iliyobaki kwa mtoto haina kifungu.

Mtoto aliyepigwa, aliyefiwa au aliyeona ukatili mara nyingi halii mbele ya watu. Hukosa usingizi, hushtuka ovyo, huanza tena kukojoa kitandani, au hugeuka mkorofi. Mwalimu aliyezidiwa na wanafunzi, hasa tangu shule ya msingi ya serikali ilipotangazwa kuwa bure mwaka 2019, huona uvivu na utundu tu. Lakini mtoto anayekesha akingoja hatari atashikaje hesabu asubuhi? Tiba humfundisha kwanza kutaja anachohisi na kutuliza pumzi yake. Kisha, hatua kwa hatua, humsaidia kusimulia lile analolikwepa, hadi kulikumbuka kusimtie tena woga ule ule. Mdogo zaidi husema kwa mchezo na kwa kuchora. Mzazi au mlezi naye huitwa, maana mtoto hurudi kulala kwake, si kwa mshauri.

Ushahidi wa karibu uko Zambia, ng'ambo ya mpaka wa Kasumbalesa. Jijini Lusaka, watoto 257 wa miaka 5 hadi 18 walishiriki katika utafiti uliochapishwa mwaka 2015, na walioongoza vikao walikuwa washauri wasio na shahada ya saikolojia. Dalili za kiwewe zilipungua kwa takriban asilimia 82 kwa waliopata tiba, na kwa asilimia 21 kwa waliopata msaada wa kawaida. Ugumu wa kufanya shughuli za kila siku nao ulipungua, ila kwa tofauti ndogo zaidi, asilimia 89 dhidi ya 68: msaada wa kawaida nao una kazi yake, wala sioni haja ya kulificha hilo. Nchini mwetu, huko Beni, wasichana 52 wa miaka 12 hadi 17 walioonja vita na unyanyasaji wa kingono walihusika katika utafiti wa mwaka 2013; waliopitia vikao 15 vya kikundi walipata nafuu kubwa kuliko waliokuwa bado wakingoja zamu yao.

Watu husema: mtoto mwenye njaa anahitaji bukari, yaani ugali, si maneno. Kweli anahitaji bukari. Lakini watoto wa Lusaka na Beni hawakuwa wa matajiri, na nafuu waliipata kabla umaskini haujaisha. Wengine husema tuna ukoo na kanisa. Shangazi anayesikiliza na mchungaji anayeombea ni hazina, na mtoto mwenye huzuni ya kawaida huenda asihitaji zaidi. Ila pale ambapo tuhuma ya ulozi imetoka kwa ukoo wenyewe, au pale ambapo maombi yanageuka kumnyima mtoto chakula, nani atamsikiliza bila kumhukumu? Mahali hapo hakuna budi awepo mtu wa tatu.

Pingamizi zito kuliko yote linatoka kwenye utafiti wenyewe. Mwaka 2020 yalichapishwa matokeo ya yatima 640 wa miaka 7 hadi 13 wa Bungoma, Kenya, na Moshi, Tanzania. Tiba iliyotolewa na washauri wa mtaani ilishinda msaada wa kawaida katika sehemu tatu kati ya nne. Katika sehemu ya nne, huko Moshi, haikuushinda, na baada ya mwaka mmoja tofauti ilibaki Kenya tu. Kwa hiyo tiba hii haifanyi kazi sawasawa kila inapopelekwa, na anayeahidi hivyo anadanganya. Mshauri aliyefunzwa wiki chache kisha akaachwa peke yake hupotea njia: huanza kuhubiri, au humharakisha mtoto kusimulia kabla hajawa tayari. Ndiyo maana napendekeza tusianze kwa kuhesabu washauri, tuanze kwa kutafuta wasimamizi. Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina kitivo cha saikolojia na sayansi za elimu. Wahitimu wake wangeweza kukutana kila wiki na washauri wa Ruashi, kesi kwa kesi, katika chumba kimoja cha kituo cha afya. Na yule mtoto anayezungumza juu ya kujiua, au anayesikia sauti, apelekwe kwa daktari siku hiyo hiyo.